Historia ya Kinga ya Uso katika Hoki ya Barafuni

Kisahani kinachotumika katika hoki ya barafuni hutengenezwa kwa mpira mgumu na huwa na uzito wa takriban gramu 170. Kikipigwa na mchezaji hodari huweza kuzidi kasi ya kilomita 150 kwa saa. Hata hivyo, kwa miongo mingi wachezaji wa Kanada, chimbuko la mchezo huu, waliingia uwanjani nyuso wazi. Aliyejikinga alihesabiwa mwoga, na makocha waliamini kuwa barakoa humzuia golikipa kuona kisahani kilicho karibu na miguu yake.

Wachache walithubutu mapema. Mwaka 1927 Elizabeth Graham, golikipa wa timu ya wanawake ya Chuo Kikuu cha Queen's, alivaa barakoa ya mchezo wa vitara. Mwaka 1930 Clint Benedict wa Montreal Maroons, aliyekuwa ameumizwa vibaya usoni, alivaa barakoa ya ngozi, lakini ilimziba macho akaiacha baada ya mechi chache.

Mambo yaligeuka tarehe 1 Novemba 1959 jijini New York. Jacques Plante, golikipa wa Montreal Canadiens, alipigwa usoni na kisahani cha mpinzani wake, Andy Bathgate. Baada ya kushonwa alikataa kurudi uwanjani bila barakoa ya faibaglasi aliyokuwa akiitumia mazoezini. Kocha wake, Toe Blake, hakuipenda, lakini enzi hizo timu hazikuwa na golikipa wa akiba, kwa hiyo alikubali shingo upande. Montreal ilishinda 3–1. Mwezi Machi 1960 Plante aliivua kwa mechi moja, timu ikafungwa 3–0, na mjadala ukaishia hapo. Mwaka 1974 Andy Brown alikuwa golikipa wa mwisho kucheza ligi kuu ya NHL bila barakoa.

Faibaglasi nayo ilikuwa na kasoro. Mwezi Februari 1979 ncha ya gongo ilipenya tundu la jicho la barakoa ya Bernie Parent wa Philadelphia, ikamharibu jicho na kumaliza uchezaji wake. Makipa wengi wakahamia kwenye helmeti yenye wavu wa chuma, mfano wa ile aliyoivaa Vladislav Tretiak wa Muungano wa Kisovieti mwaka 1972.

Kwa wachezaji wasio makipa, msukumo wa kuvaa kinga ulitoka hospitalini. Tom Pashby, daktari wa macho wa Toronto, alikusanya takwimu za macho yaliyoumizwa katika hoki na kusaidia shirika la viwango la Kanada, CSA, kuweka vigezo vya vifaa. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980, kinga ya uso mzima ilikuwa ya lazima kwa watoto wa Kanada na kwa wachezaji wa vyuo vikuu vya Marekani. NHL ilichelewa mno: kinga ya nusu uso ililazimishwa mwaka 2013 tu, tena kwa wachezaji wapya.

Mtu mzima anayecheza kwa burudani mara nyingi huachiwa hiari, na machaguo yake ni matatu. Plastiki angavu ya nusu uso hulinda macho lakini huacha meno na taya wazi. Wavu wa chuma hulinda uso wote na kupitisha hewa, ingawa nyaya huonekana mbele ya macho. Plastiki angavu ya uso mzima haina nyaya, ila hupata ukungu kwa pumzi.

Wengi walihofu kuwa kinga ya uso mzima huongeza majeraha ya shingo. Utafiti uliofanywa kwa wachezaji 642 wa vyuo vikuu vya Kanada msimu wa 1997–98 haukuona ongezeko hilo. Badala yake, waliovaa kinga ya nusu uso walikuwa na hatari ya kuumia meno karibu mara 10 zaidi, na ya kuchanika uso zaidi ya mara mbili.