Majembe ya Zamani ya Mbinga na Mwambao wa Ziwa Nyasa

Zana nyingi za kilimo zilizokusanywa pande za Ziwa Nyasa na Ruvuma zimehifadhiwa katika makumbusho kwa maelezo mafupi mno: jina la zana, na jina la ziwa au boma lililokuwa karibu. Nyingi zilichukuliwa wakati wa Wajerumani. Friedrich Fülleborn, daktari wa jeshi la kikoloni, alizunguka nchi hizi katika miaka ya mwisho ya karne ya 19, na kitabu chake juu ya Nyasa na Ruvuma kilitoka Berlin mwaka 1906. Wabenediktini waliofungua misheni ya Peramiho mwaka 1898 nao walipeleka vitu kwenye makumbusho ya abasia yao ya St. Ottilien, huko Bavaria. Ni nadra daftari kusema nani aliishika zana, katika msimu gani na kwa kazi ipi, na bila hayo jembe huwa kipande cha chuma tu.

Utambuzi huanzia kwenye chuma chenyewe. Kaskazini-mashariki mwa ziwa, Wapangwa waliyeyusha mawe ya chuma katika tanuri za udongo kwa moto wa makaa na mivukuto, na katika miaka ya 1990 bado walikuwapo wazee walioweza kuwaonyesha watafiti kazi hiyo. Chuma cha namna hiyo hakitoki safi. Ubapa wake una unene usiolingana na alama za nyundo, na ndani yake hubaki chembe za mavi ya chuma, hivyo kutu huula kwa mistari. Nyuma hutokeza msuka, ncha ndefu iliyochomekwa kwenye kichwa kinene cha mpini wa mti. Mpini huoza mapema. Jembe linapofika makumbusho bila mpini, msuka huo umewahi kulifanya lidhaniwe kuwa mkuki au kisu.

Si kila jembe lililima. Katika sehemu nyingi za kusini-magharibi, majembe yalitolewa mahari na kubadilishwa kwa chumvi au mifugo. Jembe la mahari hujulikana kwa makali yasiyolika na msuka usio na alama ya kugongomelewa mtini. Lililofanya kazi hufupika mwaka hadi mwaka, na kona moja huisha kabla ya nyingine kwa sababu mkulima huvuta udongo akiegemea upande uleule. Likishachakaa hupewa kazi ya palizi. Kwa hiyo majembe mawili ya ukubwa tofauti yanaweza kuwa jembe la aina moja katika umri tofauti, jambo ambalo orodha za makumbusho hulisahau mara kwa mara.

Milimani Mbinga, kazi iliyoamua sura ya zana ni ngolo, yaani kilimo cha mashimo. Uvamizi wa Wangoni katikati ya karne ya 19 uliwasukuma Wamatengo kwenye miteremko mikali, na huko walilima kwa mashimo. Mvua zinapoelekea mwisho, wanaume hufyeka nyasi kwa nyengo, kifyekeo chenye ncha iliyopinda. Nyasi zikikauka hupangwa kwa mistari inayokatizana na kufanya miraba. Wanawake huchimba katikati ya kila mraba na kuufukia mstari wa nyasi kwa udongo wanaoutoa, kisha maharage hupandwa juu ya matuta. Mlima mzima hugeuka kama sega la nyuki: kila shimo hukamata maji na udongo uliomomonyoka, na nyasi zilizofukiwa huoza na kurutubisha matuta. Kuanzia miaka ya 1990, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo na Chuo Kikuu cha Kyoto vilichunguza mfumo huu kwa kina. Uchunguzi wa namna hiyo una thamani kubwa kwa makumbusho, maana unaonyesha kwamba nyengo na jembe ni zana za kazi moja, ya kwanza mkononi mwa mwanamume na ya pili mkononi mwa mwanamke. Kuziweka katika makabati mawili tofauti ni kuivunja habari yenyewe.

Ufukweni, kutoka Lituhi hadi Liuli na Mbamba Bay, tatizo ni jingine. Huko watu hulima mihogo na kuvua samaki, na tezo ya kuchongea mtumbwi hufanana sana na kijembe cha palizi: zote mbili zina bapa lililokingama mbele ya mpini. Tofauti iko kwenye makali. Tezo ni nene, nyembamba kwa upana, na imenolewa upande mmoja ili ichonge mti. Kijembe ni chepesi na makali yake yameparuzwa na mchanga.

Majembe ya kiwandani ni rahisi zaidi kutambua. Bapa lina unene mmoja, nyuma kuna tundu la kupitishia mpini badala ya msuka, na mara nyingi chapa imegongwa juu yake. Kampuni ya Chillington ya Wolverhampton, Uingereza, iligonga alama ya mamba. Kiwanda cha Ubungo, Dar es Salaam, kiligonga herufi UFI, na jembe lenye herufi hizo haliwezi kuwa la kabla ya Uhuru.