Kutoka Mtungi Hadi Chupa: Maji ya Kunywa Mpanda Yalivyopata Bei

Mzee yeyote aliyekulia Mpanda anaukumbuka mtungi uliokaa pembeni mwa nyumba juu ya mchanga uliolowa, na kata ikiwa juu ya kifuniko. Maji yake yalikuwa baridi bila umeme, kwa kuwa mtungi wa udongo huvuja jasho kidogo kidogo, na jasho hilo likikauka hupoza maji yaliyobaki ndani. Mgeni akifika, alipewa maji kabla ya kuulizwa habari za atokako. Leo mgeni huyohuyo akifika, mtoto hutumwa dukani akanunue chupa.

Tusidanganyane kwamba zamani maji yalikuwa ya bure. Walioyalipia walikuwa mama zetu na dada zetu. Kiangazi, kuanzia Mei hadi Oktoba, vijito vingi vya kwetu hukauka, na maji yalipatikana kwa kufukua mchanga mtoni na kusubiri kisima kijae taratibu. Aliyechelewa alikuta tope.

Mji wa Mpanda tunaoujua ulikuzwa na madini ya risasi. Baada ya Vita Kuu ya Pili, kampuni ya Uruwira Minerals ilifungua mgodi, na tawi la reli kutoka Kaliua, lenye urefu wa kilomita 210 hivi, likafika mwaka 1950. Mgodi haufanyi kazi bila maji, na treni za mvuke za wakati ule nazo zilikunywa maji kuliko kundi la ng'ombe. Mgodi ulifungwa mwaka 1960. Reli ilibaki, watu walibaki, na haja ya maji ikazidi kukua.

Mwaka 1971 Serikali ilianza mpango wa miaka 20: ifikapo 1991, kila mwananchi wa kijijini awe anapata maji safi umbali usiozidi mita 400 kutoka nyumbani kwake, bila malipo. Mwaka 1974 Mpanda ilitolewa Mkoa wa Tabora na kuingizwa katika mkoa mpya wa Rukwa. Norwei, kupitia shirika lake la NORAD, ilisaidia kuandaa mpango mkuu wa maji wa Rukwa na Kigoma, na pampu za mkono zikawa sehemu ya maisha ya vijiji. Lakini pampu ni chuma, na chuma huchakaa. Kipuri kilipokosekana, kina mama walirudi mtoni. Mwaka 1991 ulipofika lengo halikuwa limetimia, na Sera ya Maji ya mwaka huohuo ikaanza kuwataka wananchi wachangie gharama.

Katika pengo hilo ndipo ilipoingia chupa ya plastiki. Kabla yake tuliizoea chupa ya soda ya kioo. Muuzaji hakukuruhusu kuondoka nayo. Ulikunywa hapohapo dukani au uliacha rehani. Chupa tupu zilirudi kwenye kreti, na kreti zilipakiwa kurudi kiwandani. Kila chupa ilikuwa na mwenyewe. Soko huria la miaka ya 1990 lilileta maji ya viwandani katika chupa isiyo na mwenyewe: ukishakunywa, kazi ya chupa imekwisha. Ilikuja kwa treni, ikaja kwa basi, na lami ilipofunguka kuelekea Sumbawanga na Tabora ikaja kwa malori.

Watu hawakuinunua kwa majivuno tu. Kipindupindu kilicholipuka nchini Agosti 2015 kiliwatia hofu wengi, na homa ya matumbo tunaijua sote. Hofu hiyo ina msingi. Msafiri, mgonjwa, au mtu aliye mahali ambapo maji hayaaminiki, ana haki ya kununua chupa yake bila kulaumiwa. Tatizo linaanza pale chupa inapochukua nafasi ya huduma ya maji, sisi tukaona hayo ndiyo maendeleo.

Tupige hesabu. Chupa ya nusu lita ikiuzwa shilingi 500, lita moja ni shilingi 1,000. Dumu la lita 20 kwa bei hiyo ni shilingi 20,000, na uniti moja ya maji, yaani lita 1,000, ni shilingi milioni moja. Kwenye kioski, hata dumu likiuzwa shilingi 100, uniti hiyohiyo ni shilingi 5,000. Tofauti ni mara 200. Familia inayonunua chupa nne kwa siku hutumia shilingi 2,000. Kwa mwaka ni shilingi 730,000.

Upo pia mzigo ambao hauandikwi kwenye risiti. Tarehe 1 Juni 2019 Tanzania Bara ilipiga marufuku mifuko ya plastiki, na mitaa yetu ikapumua. Chupa ziliachwa. Nyingine tunazitumia tena kwa asali, mafuta ya kula au mafuta ya taa. Nyingi huishia mitaroni, au huchomwa jioni na moshi wake tukauvuta wote. Waokotaji wapo, lakini Dar es Salaam iko zaidi ya kilomita 1,000 kutoka kwetu, na chupa tupu ni nyepesi: lori likijaa, limebeba hewa. Nauli inakula faida.

Nazo hazina pa kwenda. Mto Katuma unapita Sitalike, mahali wageni wanaposimama kuangalia viboko, unaingia Hifadhi ya Taifa ya Katavi, kisha unaelekea Ziwa Rukwa. Ziwa Rukwa halina mto unaotoka. Kinachosombwa na mvua kuingia Katuma kinabaki kwetu, na plastiki haiozi katika umri wa mwanadamu.

Njia mbadala zipo. Kuchemsha kunaua vijidudu, ila kunakula mkaa, na mkaa ni miti yetu. Dawa ya klorini ni nafuu ikitumiwa kwa kipimo kilichoandikwa. Maji maangavu yakiwekwa katika chupa angavu juani kwa saa sita, jua la Katavi huua vijidudu. Siku za mawingu, yaachwe siku mbili. Mtanzania mwenzetu, Dkt. Askwar Hilonga, alibuni chujio la maji lililoshinda Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Kihandisi mwaka 2015.

Kisha ipo mvua. Paa la bati la mita 20 kwa 8, katika mwaka wa mvua ya milimita 900, hupokea lita 144,000. Tukipoteza hata moja ya tano, zinabaki lita 115,000. Shule yenye watoto 300, kila mmoja akinywa lita moja kwa siku, humaliza tangi la lita 5,000 kwa siku 16 tu. Kwa hiyo tangi dogo la kupigia picha halitoshi. Tangi la zege la lita 50,000, lenye chujio na kifuniko imara, linaweza kuwavusha kiangazi. Hilo ndilo tunaloliombea mchango katika shule zetu za msingi, pamoja na mfuko mdogo wa matengenezo, maana historia ya pampu imetufundisha.

Na tuanzie mezani petu. Watu 200 kwenye harambee, kila mmoja na chupa mbili za shilingi 500, ni shilingi 200,000 zinazoishia kwenye pipa la taka. Mwaka huu tuweke ndoo zenye koki, maji yaliyochemshwa na vikombe vinavyooshwa, na fedha hizo ziingie kwenye tangi. Atakayeleta mtungi wa nyumbani kwao, tutaupa nafasi ya mbele.