Somo la Historia: Wino wa Masizi na Kalamu ya Siri

Kabla hatujaanza, itazameni kalamu mliyoishika mkononi. Ndani yake mna wino. Leo habari yetu ni ya huo wino, ingawa vita navyo vitatokea njiani.

Huko Japani wapo watu wanaotengeneza wino wa kalamu kwa kufuata rangi za mandhari ya nchi yao. Kampuni ya Pilot ilianza kuuza wino wa namna hii mwaka 2007, na kila rangi ikapewa jina. Mmoja mweusi unaitwa Take-sumi, maana yake makaa ya mwanzi. Wino huo wa dukani hauna makaa ndani yake, lakini jina linakumbusha jambo la kweli: kwa karne nyingi Wajapani waliandika kwa wino wa masizi, yaliyochanganywa na gundi ya ngozi za wanyama. Na rangi huko zilikuwa na wenyewe. Mwaka 603 watu wa serikali walivishwa kofia za rangi mbalimbali kwa vyeo vyao, na baadaye zambarau iliyokoza ikakatazwa kwa mtu asiye na cheo kikubwa. Likumbukeni neno hilo, kukatazwa. Tutalikuta tena hapa kwetu Unguja.

Wazee wetu nao walitengeneza wino kwa masizi. Yalikingwa juu ya moto wa taa, au yalikwanguliwa chini ya sufuria, yakasagwa mpaka yakawa laini kabisa, kisha yakatiwa maji na gundi ya mgunga. Kazi ya gundi ilikuwa kuyashika masizi yasizame chini ya kidau, na kuyagandisha juu ya karatasi. Kalamu ilikuwa kipande cha mwanzi au tete, kimechongwa ncha kwa kisu na kupasuliwa kidogo katikati ili wino uteremke.

Wino huu hauchujuki kwa jua, maana mwanga hauyawezi masizi. Adui yake ni maji. Mtoto wa chuoni aliipenda sana tabia hiyo: akishahifadhi aya zake, huuosha ubao akaandikiwa nyingine. Mwenye barua hakuipenda. (Wala msijaribu kuutia wino wa masizi katika kalamu ya wino ya dukani. Itaziba siku hiyo hiyo.)

Rangi nyingine pia zilikuwapo. Misahafu iliyoandikwa Siyu, katika kisiwa cha Pate, karne ya 18 na ya 19, ina weusi, wekundu na manjano. Na hapa Unguja nani asiyelijua kombe? Aya huandikwa kwa zafarani katika sahani nyeupe, huoshwa kwa marashi ya mawaridi, na mgonjwa akanywa. Huo ni wino wa kunywewa.

Lakini neno kombe lina maana nyingine: ule mfupa mpana wa bega. Na mfupa huo ndio unaotupeleka Mtoni, kaskazini ya Mji Mkongwe.

Katika jumba la Mtoni, mwaka 1844, alizaliwa Sayyida Salme, binti wa Seyyid Said, Sultani wa Unguja. Alikuwa na kila kitu: vito, watumishi, farasi wa kupanda. Alifundishwa kuisoma Kurani, kama wasichana wenzake. Kuandika hakufundishwa, kwa kuwa kuandika kulikuwa kwa wavulana. Mwana wa Sultani mwenyewe, asiruhusiwe kushika kalamu!

Basi akajifundisha kwa siri. Alichukua mfupa wa bega la ngamia, uliotumiwa badala ya ubao, akaufunua msahafu, akaanza kuziiga herufi moja moja. Hakuna aliyemwambia kama amekosea. Nyinyi mnaojifunza mkiwa watu wazima mnajua mkono unavyotetemeka siku za mwanzo, na nyinyi mna mwalimu. Habari ilipojulikana alilaumiwa sana, lakini hakuiacha kalamu.

Mwaka 1859 kalamu ile ilitakiwa. Seyyid Said alikuwa amekwisha kufa, na Seyyid Majid ndiye aliyetawala. Ndugu yake, Barghash, alifanya shauri la kumwondoa, na Salme akawa upande wa Barghash. Alikuwa na umri wa miaka 15 tu, naye ndiye aliyeandika barua za shauri hilo. Mambo yalimalizikia kwenye mapigano shambani Marseilles, Waingereza wakamsaidia Majid, watu wakafa, na Barghash akapelekwa Bombay. Salme aliijutia kazi ile baadaye. Mimi sisemi kwamba alifanya vyema. Lakini tazameni: katika nchi nyingi wanawake walinyimwa kalamu kwa hofu ya barua za siri, na hapa barua za siri zilikuja, kwa haja ya mwanamume.

Mwaka 1866 Salme aliondoka Unguja, akaolewa na mfanyabiashara wa Kijerumani, akaitwa Emily Ruete. Mumewe alifariki mwaka 1870, akabaki na watoto watatu wadogo katika nchi ya baridi. Hapo ndipo alipoishukuru kalamu yake, kwani aliweza kuwaandikia mwenyewe rafiki zake wa nyumbani, bila kumwomba mtu mwingine amwandikie siri zake. Mwaka 1886 kitabu chake cha maisha yake kilichapwa Berlin, na ndimo tunamozipata habari za ule mfupa wa ngamia.

Kazi ya wiki hii: mwulizeni mzee mmoja wa mtaani kwenu aliandika kwa nini alipokuwa chuoni, na juu ya nini. Andikeni jibu lake kwa sentensi tatu. Kama ni mwanamke, mwulizeni pia nani alimfundisha.