Barua Iliyoandikwa Stanley Falls

Tarehe 18 Julai 1890, mahali ambapo leo ni Kisangani, karibu na maporomoko ambayo wavuvi Wagenia hutega samaki kwa madema yaliyofungwa kwenye miti, Mmarekani mweusi aitwaye George Washington Williams alimwandikia Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji, mtawala wa Kongo, barua ya wazi. Alikuwa amepigana upande wa Kaskazini katika vita vilivyomaliza utumwa kwao, akawa mchungaji, mbunge wa Ohio na mwanahistoria. Mwaka mmoja kabla alionana na Leopold, akatoka akimsifu. Alipoyaona ya Kongo kwa macho yake, aliorodhesha mashtaka 12. Alieleza jinsi machifu walivyohadaiwa: mzungu alificha betri ya umeme ndani ya koti, na kila aliyempa mkono akatetemeka na kuamini mzungu huyo ana nguvu za ajabu. Kwa ujanja wa namna hiyo na makasha machache ya pombe kali, vijiji vizima vilikabidhiwa kwa mfalme kwa sahihi.

Watu hupenda kusema kwamba Wamarekani wanatofautiana na wengine kwa mapenzi ya uhuru. Nani asiyeupenda? Naona tofauti yao iko kwenye maandishi. Taifa lao halikutokana na ukoo wala kiti cha enzi, bali na tamko la uhuru la 1776, na mtu wa huko huizoea ahadi iliyoandikwa kama hati ya deni: ukiitoa, utadaiwa hadharani. Ndivyo alivyofanya Williams. Hakumsihi mfalme kwa unyenyekevu. Alizishika ahadi za mfalme mwenyewe, akazipima kwa aliyoyaona mtoni, kisha akataka iundwe tume ya kimataifa.

Atatokea wa kusema kwamba Williams aliona dhuluma kwa sababu alikuwa mweusi, si kwa sababu alikuwa Mmarekani. Nusu ya neno hilo ni kweli. Ila weusi wenzake ndio waliolishika tamko lile kwa nguvu zaidi, maana wao ndio walionyimwa matunda yake. Pingamizi zito ni jingine: tarehe 22 Aprili 1884 Marekani ilikuwa dola ya kwanza kuitambua bendera ya chama cha Leopold cha Kongo. Serikali iliamini maneno mazuri yaliyoandikwa na mwakilishi wa mfalme, bila kutuma mtu kuyahakiki. Basi tabia ile ile ina pande mbili: humfanya Mmarekani kuwa mdai mkali, na pia mwepesi wa kulaghaiwa na karatasi.

Williams alifariki Blackpool, Uingereza, tarehe 2 Agosti 1891, akiwa na miaka 41. Dola ya Leopold ilidumu hadi 1908, na kaburi la mwandishi wa barua lilikaa bila jiwe la jina hadi 1975.