Homa ya Uzazi: Dawa Zilivyobadilika

Leo tuzungumzie homa ya uzazi, yaani maambukizi yanayompata mama akiwa na uchungu au baada ya kujifungua.

Zamani homa hii iliua wazazi wengi. Mwaka 1847 huko Vienna, Daktari Ignaz Semmelweis aliwataka wenzake wanawe mikono kwa maji ya klorini kabla ya kumhudumia mama. Vifo vilipungua sana, lakini aliyekwisha kuugua hakuwa na dawa.

Mwaka 1936, Leonard Colebrook wa London alionyesha kwamba dawa ya salfa huokoa wagonjwa hao. Miaka ya 1940 ikaja penisilini. Hata hivyo, viini ni vya aina nyingi, na vingine penisilini haiviwezi. Ndiyo maana madaktari huchanganya dawa.

Mwaka 2015, Shirika la Afya Duniani lilipendekeza ampisilini pamoja na jentamisini kwa mama ambaye maji ya uzazi yameingiwa na viini. Kwa maambukizi ya mfuko wa uzazi baada ya kujifungua, lilipendekeza klindamisini pamoja na jentamisini. Dawa hizi hutolewa kwa sindano, hospitalini.

Je, maambukizi yaweza kuzuiwa mapema? Chuo Kikuu cha Moi, hapa kwetu Uasin Gishu, kilishiriki katika utafiti wa nchi 7. Wanawake 29,278 wenye uchungu waligawanywa: wengine walimeza gramu 2 za azithromaisini mara moja, wengine tembe zisizo na dawa. Matokeo yalitolewa mwaka 2023. Katika kila wanawake 1,000, waliopata maambukizi yaliyoenea mwilini au kufariki walikuwa 16 kwa waliopewa dawa, na 24 kwa wasiopewa. Kwa watoto wachanga, haikuleta tofauti.

Mama, elewa hapa: tembe hizo zilikuwa za kukinga. Aliyekwisha kuugua anahitaji sindano. Usinunue dawa kwa kemisti ukajitibu, wala usimeze tembe zilizobaki za jirani.

Ukiwa na homa, kutetemeka, maumivu ya tumbo la chini, au uchafu wenye harufu mbaya, usiseme ni malaria tu au uchovu wa kujifungua. Nawe mlezi, usingoje kupambazuke. Mpeleke hospitali saa hiyo hiyo.