Usingoje Simu, Jipigie Mwenyewe

Wasee, mimi nilikuwa wa kusema testi ni za watu wa ofisi kubwa. Hadi nikalipia unga wa mtu.

Nilikuwa nimeundia duka moja mfumo wa kulipa kwa M-Pesa. Unatuma ombi, mteja anaulizwa PIN kwa simu yake, halafu jibu linakuja baadaye kwa anwani uliyoacha. Hiyo ndiyo kolbaki: unaacha namba, unapigiwa. Niliijaribu na simu yangu, shilingi moja moja, kila mara nikiweka PIN. Ikakubali. Siku ya kwanza dukani, mteja akaghairi. Jibu likaja na namba 1032, yaani amekataa. Msimbo wangu uliangalia tu kama jibu limefika. Ukaandika "imelipwa". Jamaa akaenda na unga.

Na dawa ilikuwa imepatikana kitambo. London, karibu mwaka 1999, waandishi fulani wa programu walijiwekea sheria: hakuna kuchungulia ndani ya kitu, unakiambia tu kifanye kazi. Sasa utajuaje kimefanya? Wakakipa mwenzake bandia, anayenakili kila anachoambiwa na kulalamika asipoambiwa alichotarajia. Tim Mackinnon, Steve Freeman na Philip Craig waliwasilisha wazo hilo mwaka 2000 kwenye mkutano Sardinia, Italia. Bandia hao ndio tunaita moki.

Node.js ilipokuja 2009, kolbaki zikawa chakula cha kila siku, na hapo ndipo moki anaonyesha utamu wake. Badala ya testi kulala sekunde tano ikingoja mtandao, unampa moki kolbaki yako, anaishika, halafu wewe ndiye unaamua lini iitwe. Iite na 0: oda ilipwe. Iite na 1032: oda ibaki wazi. Iite mara mbili: pesa isihesabiwe mara mbili. Usiiite kabisa: oda isijifanye imelipwa. Yote kabla hujapepesa jicho, bila bando, bila PIN.

Lakini tusidanganyane. Moki anajua tu ulichomfundisha. Kama hukusoma kwamba 1032 ipo, hatakuambia. Chuo niliacha, lakini kusoma siwezi kuacha tena. Unga umepanda bei, manze.