Kutoka ntumba hadi gunia: historia ya chakula chetu

Sisi wanapito tunaoishi mijini tukisema kwetu ni Sumbawanga, wenzetu kazini hutaja mahindi papo hapo. Rukwa imehesabiwa pamoja na Iringa, Mbeya na Ruvuma kuwa mikoa inayolisha taifa. Ni sifa nzuri, lakini si ya zamani.

Kabla ya mahindi kutawala, Ufipa ilikuwa nchi ya ulezi. Uwanda wetu una nyasi nyingi na miti michache, hivyo wazee hawakuweza kukata matawi na kuyachoma shambani, kama wafanyavyo jirani zetu Wabemba wa upande wa Zambia katika kilimo chao cha chitemene. Wao walikuwa na ntumba. Mvua zikiendelea na udongo ungali laini, walipindua nyasi pamoja na udongo wake, wakarundika matuta ya duara, na nyasi zikaoza humo ndani kuwa mbolea. Juu ya matuta walipanda maharage. Msimu uliofuata waliyatawanya, wakapanda ulezi. Roy Willis, aliyefanya utafiti Ufipa miaka ya 1960 na kuchapisha kitabu mwaka 1981, alieleza kwamba ntumba ndizo zilizowawezesha Wafipa kukaa vijiji vya kudumu.

Maharage na ulezi vilifuatana shambani, vikakutana tena kwenye chakula. Ulezi huohuo ulitoa pombe, na pombe ndiyo iliyowaita watu kwenye kazi ya pamoja.

Kwa Wabemba, Audrey Richards alipima hata uzito wa vyakula vya watu, akachapisha kitabu mwaka 1939. Alikuta kwamba mtu aliyekula mahindi kadhaa ya kuchoma bado angesema hajala, kwa kuwa hakula ugali. (Wengi wetu tuko hivyo hadi leo, hata baada ya sahani ya wali.)

Mahindi yalishika kasi miaka ya 1970. Mkoa wa Rukwa ulianzishwa mwaka 1974, Serikali ikaweka bei moja kwa nchi nzima, na Shirika la Usagishaji la Taifa likanunua mahindi hadi kwetu. Ukiitazama bei hiyo kihasibu, utaona kwamba nauli ya gunia kutoka Sumbawanga hadi Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,000, haikutoka mfukoni mwa mkulima. Mbolea nayo ilikuwa na ruzuku. Ntumba ni kazi ngumu ya jembe la mkono, nani angekataa? Mageuzi ya uchumi yalipoondoa bei hiyo na ruzuku, gharama zilimrudia mkulima. Lakini kufikia hapo mahindi hayakuwa tena zao la kuuza tu. Yalikuwa ndiyo ugali wetu.

Sasa tazameni hesabu nyingine. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015/16 ulikuta watoto 56 kati ya kila 100 wa chini ya miaka mitano mkoani Rukwa wamedumaa, kiwango cha juu kuliko mikoa yote. Wastani wa taifa ulikuwa 34. Ule wa 2022 ulikuta karibu 50 kwetu, na 30 kitaifa. Mkoa wenye maghala yaliyojaa! Sababu si moja: yamo magonjwa, maji, na mama anayeshinda shambani. Lakini uji wa sembe tupu umo pia. Ulezi una madini ya kalisi mara nyingi kuliko mahindi, na kwa jinsi tunavyoona tukija likizo, mwingi siku hizi unaishia kwenye pombe na sokoni.

Ndiyo maana tunaomba sehemu ya michango ya mwaka huu iende kwenye uji wa ulezi na maharage ya chakula cha mchana kwa watoto wetu wa shule. Tunaomba pia kisichokuwa fedha: aliye na mbegu za ulezi za zamani, au mzee nyumbani aliyewahi kulima ntumba kwa mikono yake, atuambie kwenye mkutano, tuandike majina ya mbegu hizo na namna ya kuzipanda wakati wenye kujua wangalipo.